Nyati Asiyekamwa na Mgeni

Kila Jumamosi isiyo na mvua, wazee wa Southall na wa Rayners Lane walipanda mabasi kwenda Hounslow kumtazama nyati. Walisimama nje ya uzio wa mbao, mikono nyuma, wakamkagua kwato na mkia kama watu waliokuja kununua, ingawa wote waliishi kwenye nyumba ambazo bustani zake hazitoshi kufuga hata bata.

Lilikuwa shamba dogo la mtaa, limebanwa kati ya shule na njia ya reli, limewekwa ili watoto wa London waone yai linatoka wapi na maziwa yanatoka wapi. Palikuwa na kuku, mbuzi, punda wawili wazee, na nyati jike mmoja wa maziwa aliyeitwa Olive. Ndege za kutua Heathrow zilipita juu ya banda lake, magurudumu yameshatolewa, na Olive aliendelea kucheua.

"Huyu ni wa ukoo wa Murrah," alisema Gurdial, Sikh mwenye kilemba, dereva wa basi mstaafu, mzaliwa wa Kisumu. "Mtazame weusi wake. Kwa babu yangu Punjab walikuwa hivi hivi."

"Murrah wapi, Sardarji?" Jitendra, mwenye duka la viatu Rayners Lane, mzaliwa wa Tanga, alicheka. "Murrah pembe zake fupi, zimejiviringa kama jalebi. Hizi zimejiviringa? Zimelala nyuma. Huyu Mehsana wa kwetu."

"Wewe Mehsana umemwona wapi? Tanga?"

"Na wewe Murrah umemwona wapi? Kisumu mlikuwa na viboko tu."

"Viboko wenyewe walikuwa na adabu kuliko watu wa Tanga."

Walibishana kwa Kiswahili kwa sababu Gurdial hakujua Kigujarati na Jitendra hakujua Kipunjabi; Kiingereza walikiweka kwa ajili ya daktari na wajukuu. Wakichoka, walimgeukia mwanamke aliyekuwa ndani ya banda akizoa samadi kwa koleo.

"Bhanuben, hebu tuamulie. Nyati gani huyu?"

"Nyati mwenye njaa," alijibu Bhanu. "Nipisheni nimpe majani."

Alikuwa akijua. Olive hakuwa Murrah wala Mehsana. Alikuwa wa ukoo wa nyati wa Italia, wale wanaotoa maziwa ya jibini laini: kiwiliwili kifupi kilichojaa, miguu minene, rangi ya makaa yaliyopoa, pembe za wastani zilizorudi nyuma kisha zikageuza ncha ndani kidogo. Wazee wale hawakuwahi kumiliki nyati maishani mwao. Baba zao ndio waliokuwa nao, au baba wa baba zao, na wao walikulia Afrika wakisikiliza sifa zake mezani. Kila mmoja alikuja Hounslow kumtafuta mnyama aliyesimuliwa, akampata, akarudi nyumbani ameridhika. Bhanu hakuona sababu ya kuwanyima.

Yeye mwenyewe alizaliwa Unguja. Baba yake alikuwa fundi wa kupaka kalai. Aliletewa masufuria ya shaba yaliyochakaa, akayapasha moto na kuyasugua kwa bati mpaka ndani yakang'aa kama kioo. Baada ya mapinduzi kazi hiyo ilikufa yenyewe, kwa kuwa wenye masufuria makubwa ya harusi walikuwa wameondoka, na waliobaki hawakuwa na karamu za kupikia. Baba alikaa kungoja hali itulie. Binti yake, aliyekuwa ndiyo kwanza anavunja ungo, alimpeleka India kwa mjomba, Saurashtra, upande wa Junagadh, kwa muda. Muda huo ulikuwa miaka sita.

Huko walimcheka. Kigujarati chake kilikuwa cha Unguja, kimechanganyika na maneno ambayo watu wa kijiji hawakuyajua, na alipouona uwanja wa mjomba wake uliojaa nyati alirudi nyuma mpaka ukutani. Walikuwa Jafarabadi. Mnyama huyo ni mkubwa kuliko nyati wengine wote wa maziwa. Paji lake la uso limetokeza kama sufuria iliyofunikwa kichwani. Pembe zake ni nzito mno; zinashuka pande mbili za shingo kama mtandio uliofungwa, kisha ncha zinapinda kwenda juu, na macho yanabaki madogo chini yake, hata ukadhani mnyama amesinzia. Hajasinzia. Anakusoma.

Mkewe mjomba ndiye aliyemfundisha kukama. Mwanamke huyo hakuwa na maneno mengi. Alimkalisha Bhanu ubavuni mwake siku nyingi bila kumruhusu kugusa chuchu, ili nyati wamzoee harufu. Ng'ombe, alisema, maziwa yake yako karibu, ukimgusa tu yanashuka. Nyati anayaweka juu, na anayeyashusha ni yeye. Ukija na kiatu kipya, ukija na hasira, ukija na mgeni, anayabana, na unaweza kuvuta chuchu mpaka jioni usipate kitu.

Alipoolewa, Bhanu alihamia Kheda, kaskazini mashariki zaidi, na kule akakuta nyati wengine kabisa: Surti, wadogo, wapole, rangi ya kutu iliyofifia, mgongo umenyooka, pembe bapa kama mundu, na kila mmoja amevaa mikanda miwili myeupe, mmoja chini ya taya na mwingine kifuani. Alikuwa bado anajifunza tabia zao wakati mume wake, Ramnik, alipopata nafasi ya kwenda kwa kaka yake London. Walifika majira ya baridi. Ramnik aliingia kiwanda cha mikate cha Southall. Bhanu aliingia jiko la uwanja wa ndege, akavaa koti la buluu lenye vifungo vya plastiki, na kwa sehemu kubwa ya maisha yake akapanga vyakula kwenye sinia: kuku kushoto, saladi kulia, kijiko kimelala juu. Hakuna aliyemuuliza kama anajua kukama nyati, na yeye hakusema. Ramnik alifariki kwa ugonjwa wa moyo. Binti yao, Madhu, akawa mfamasia na kununua nyumba Rayners Lane.

Alipostaafu, Bhanu alimpeleka mjukuu wake kwenye lile shamba la mtaa kuona kuku, akamkuta Olive akilia. Alikuwa amezaa wiki iliyotangulia. Shamba kubwa alikotoka lilikuwa limemuuza kwa bei ya kutupa kwa sababu alikataa mashine ya kukamia, na hapa Hounslow walimnunua kwa ajili ya watoto kumtazama, bila mtu kufikiria kwamba atazaa na kiwele kitajaa. Bhanu alimwomba meneja, Mwingereza aliyeitwa Hilary, ampe ndoo. Hilary alimtazama bibi mfupi mwenye sari na sweta, akasita. Ndoo ilikuja. Bhanu hakukama siku ile. Alikaa tu ubavuni mwa nyati kwenye ndoo iliyopinduliwa, mjukuu akalia kwa kuchoka. Siku ya tatu maziwa yalishuka, meupe kuliko ya ng'ombe, mazito, na povu lake halikupotea haraka.

Tangu hapo alikuwa akienda asubuhi na jioni. Kwa kazi ile alivaa koti lake la zamani la jikoni, maana lilifulika vizuri, na shali ya sufu kichwani. Maziwa yaliyobaki baada ya ndama na watoto wa shule yalikwenda kwenye duka moja la mithai, vile vyakula vitamu vya Kihindi, huko Southall, ambako walimsubiri. Nyonga yake ya kulia ilianza kuuma katika mwaka wa pili.

Wakati huo shamba lilikuwa limemwajiri Njoroge. Kwao ni Nyandarua, kwenye baridi na viazi, na baba yake alifuga ng'ombe wa maziwa, Friesian safi, kwa hiyo Hilary alidhani wamepata mtu. Njoroge aliwashika mbuzi, aliwakata kwato punda, alizibua mifereji. Kwenye banda la Olive hakuingia.

"Mama, hii kitu kwetu inaua watu," alimwambia Bhanu siku ya kwanza, amesimama nje ya uzio. "Mbogo. Ilimuua jirani yetu akitafuta kuni pale Aberdare. Walimleta na blanketi."

"Hiyo ya mwituni, baba. Ile ina mfupa umeziba paji lote la uso, pembe mbili zimeungana kama kofia ya chuma. Mtazame huyu. Paji lake wazi, unaweza kuweka kiganja."

"Weka wewe."

Bhanu aliweka. Olive alifumba macho.

"Paji ni wazi, sawa," alisema Njoroge. "Lakini hayo macho ni yale yale."

Walizoeana hivyo, yeye akiwa ndani na Njoroge akiwa nje, akimpitishia ndoo juu ya uzio. Alimwita Mama Madhu. Bhanu alimletea dhokla, keki ya dengu ya mvuke, kwenye kopo, na Njoroge alilalamika kwamba chakula kisicho na nyama ni vitafunio, akala chote. Kiswahili chao hakikufanana. Bhanu alisema "ndoo hino" na "ushakula?", Njoroge akasema "hii ndoo" na "umekula ama?", na kila mmoja aliamini kimya kimya kwamba mwenzake ndiye aliyeharibu lugha.

Siku ya operesheni ya nyonga ilipopangwa, Bhanu aliiahirisha, kwa sababu Olive alikuwa amezaa tena. Ilipopangwa mara ya pili, Madhu alikuja mwenyewe, akaegesha gari mbele ya shamba na kushuka na viatu vyake vya kazini.

"Mama, ukiahirisha tena wanakurudisha mwisho wa foleni," alisema kwa Kiingereza, kama alivyozoea kumjibu mama yake. "Unatembea umeshika kuta. Unafanya yote haya kwa ajili ya mnyama wa watu."

"Nani atamkama?"

"Wana wafanyakazi."

"Wana Njoroge," alisema Bhanu, na Njoroge, aliyekuwa akifagia karibu, akainua ufagio kama mtu aliyeitwa darasani.

Hilary alikuja jioni ile na kusema wazi. Olive asipokamwa, kiwele kitavimba na kuoza. Shamba halina uwezo wa kumweka nyati mgonjwa. Kuna mnunuzi wa mifugo aliyekwisha kuuliza, na kama hakuna mtu atakayeweza kumkama mpaka Bhanu anaingia hospitali, mnunuzi huyo ataitwa. Bhanu aliuliza mnunuzi anamtaka Olive kwa maziwa au kwa nyama. Hilary alisema hakumuuliza, kisha akatazama pembeni.

Zilibaki kama wiki mbili. Njoroge aliingia bandani.

Aliingia amekaza mabega, akitembea ubavu ubavu, na Olive alimfuata kwa jicho moja. Bhanu alimkalisha pale alipokaa yeye. Alimwonyesha kuosha kiwele kwa maji ya uvuguvugu, kungoja, kushika chuchu kwa kidole gumba na vidole vya mbele kisha kufunga kiganja kuanzia juu. Njoroge alijua kukama. Mikono yake ilikuwa mizuri kuliko ya Bhanu. Hakikutoka kitu. Alijaribu asubuhi, akajaribu jioni. Alijaribu na ndama amefungwa mbele. Olive aliramba ndama wake, akampa Njoroge matone yasiyojaza kikombe, na Njoroge aliposimama, Bhanu alikaa na ndoo ikajaa.

"Ananidharau," alisema Njoroge.

"Hakujui."

"Tumejuana mwaka mzima, Mama Madhu. Kila siku namletea chakula. Ng'ombe wa baba yangu alikuwa anatoa hata kwa askari wa kaunti."

"Ndiyo maana nikakwambia huyu si ng'ombe."

Siku ziliendelea kupungua. Kulikuwa na jambo ambalo Bhanu alilikumbuka tangu siku Njoroge alipoingia bandani mara ya kwanza, na hakulisema. Alilikumbuka akiwa kwenye basi, akiosha mchele, akipanda ngazi kwa kushika reli. Kule kwa mjomba, mkewe mjomba alipojifungua, hakuruhusiwa kutoka chumbani kwa siku arobaini, na nyati hawakumkubali mtu mwingine. Mjomba wake, mwanamume mwenye masharubu yaliyopakwa mafuta, ambaye kijiji kizima kilimwogopa, alivaa sari ya mkewe ambayo haijafuliwa, akajifunika kichwa, akavaa bangili zake, akakaa ubavuni mwa nyati na kukama. Wanaume wa jirani walipita wakamsalimia. Hakuna aliyecheka, kwa kuwa kila nyumba ilikuwa imewahi kufanya hivyo.

Ilikuwa njia nyepesi. Bhanu alijua kwamba huenda ingefaa, na kila alipokaa kwenye ndoo iliyopinduliwa baada ya Njoroge kushindwa, na maziwa yakashuka kwa mguso wa kwanza wa mkono wake, aliona bora angoje siku moja zaidi. Katika nchi ile alikuwa amepanga sinia zisizohesabika na kila sinia ingeweza kupangwa na mtu yeyote. Walipomstaafisha walimkabidhi zulia dogo la mlangoni na kesho yake koti lake la akiba alikuwa amepewa mwanamke mwingine. Olive alikuwa kitu cha kwanza hapa London kilichomkataa kila mtu isipokuwa yeye.

Zikiwa zimebaki siku tatu, aliona Hilary akimwonyesha mgeni mmoja banda. Alikuwa mtu mwenye buti safi, na hakutazama pembe wala macho ya nyati. Alitazama paja.

Bhanu alimtafuta Njoroge kwenye stoo ya chakula.

"Kesho utavaa nguo zangu," alisema.

"Nguo zako zipi?"

"Hizi. Koti, na shali. Na sari juu ya suruali yako."

Njoroge alingoja aone kama atacheka. "Mama Madhu. Mimi ni mtu mzima. Niko na watoto watatu na shemasi ni mjomba yangu."

"Mjomba wangu mimi alivaa na bangili."

"Huyo alikuwa India! Hapa kuna watoto wa shule, kila mtu ako na simu. Nitaonekana mpaka Nyahururu."

"Saa kumi na mbili asubuhi hakuna watoto."

"Na wale wazee wako? Yule Singh?"

"Wanakuja Jumamosi. Njoroge, mwanangu, yule mtu wa buti atakayerudi Ijumaa umemwona?"

Njoroge alikuwa amemwona. Alikaa juu ya gunia la pumba, akavuta pumzi. "Hiyo shali imefuliwa?"

"Hapana. Isifuliwe."

Asubuhi iliyofuata Bhanu alifika amevaa vingine, akiwa amebeba vile vya kazi kwenye mfuko wa dukani. Sari ilimshinda Njoroge. Alizungushwa nayo mara mbili na kufungwa kwa kamba ya robota la nyasi. Koti la buluu halikufunga kifuani. Shali ilimfika mpaka kwenye nyusi. Alijitazama kwenye kioo cha dirisha la stoo, akasema maneno ya Kikikuyu ambayo Bhanu hakuuliza maana yake.

"Usizungumze ukifika," alisema Bhanu. "Mimi huwa sizungumzi. Naimba kidogo kwa pua."

"Unaimba nini?"

"Chochote. Kwa pua."

Njoroge aliingia. Olive aligeuza kichwa, akanusa bega la koti, akanusa shali kwa muda mrefu, akarudi kwenye majani yake. Njoroge alikaa. Aliosha kiwele. Alianza kuimba kwa pua wimbo wa kanisani wa kwao, polepole, bila maneno. Bhanu alikuwa amesimama mlangoni mwa banda ameshika nguzo, nyonga ikiwaka moto. Aliona mikono ya Njoroge ikianza kufunga na kufungua. Hakikutoka kitu.

Masikio ya Olive yalikuwa yameelekea mlangoni.

Njoroge alisubiri. Alijaribu tena. Kisha bila kugeuka, na bila kuacha sauti ya puani, alisema, "Mama Madhu, anakuangalia wewe."

"Mimi sijafanya kitu."

"Uko hapo. Sasa anashangaa, wewe ni huyu ama wewe ni yule. Toka."

Bhanu hakutoka mara moja. Alimtazama Olive, na Olive alimtazama yeye kwa yale macho yasiyoonyesha lolote. Alitaka kuingia, amwondoe Njoroge pale na kukaa mwenyewe. Lingekuwa jambo la dakika chache tu, na ndoo ingejaa, na yeye angerudi nyumbani amechoka na amefurahi kama kawaida, na mtu wa buti angekuja Ijumaa.

"Toka, mama," alisema Njoroge. "Tafadhali. Kabla nguvu za hii wimbo hazijaisha."

Akatoka. Alizunguka nyuma ya stoo, upande ambao upepo haukuelekea bandani, akasimama kati ya matairi ya zamani na pipa la maji. Ndege ilipita chini sana na kuziba kila sauti, ikafuatwa na nyingine. Hakujua kilichokuwa kikiendelea. Alisimama akiutazama ukuta wa mabati, na kwa mara ya kwanza tangu alipolijua shamba lile hakuwa na kazi ya kufanya pale.

Njoroge alitokea amebeba ndoo kwa mikono miwili, shali imemwangukia shingoni. Povu lilikuwa limepanda mpaka ukingoni.

"Ametoa yote," alisema. "Yote, Mama Madhu! Mpaka nikaogopa."

Bhanu alitia kidole kwenye povu, akakitazama, akakifuta kwenye sari yake safi. "Umpake mafuta kwenye chuchu," alisema. "Asubuhi na jioni. Usisahau."

Mtu wa buti hakuja. Bhanu alilazwa, akapasuliwa, akawekewa nyonga ya chuma, akapelekwa Rayners Lane kwa Madhu, ambako alifundishwa kutembea upya kwenye ukumbi wenye zulia. Njoroge alimpigia simu kila Jumapili baada ya kanisa. Olive yu mzima. Ndama anakula. Watu wa mithai wanasema maziwa ni yale yale. Gurdial na Jitendra walikuwa wamekuja asubuhi moja ya katikati ya wiki bila kutarajiwa, wakamkuta Njoroge amevaa sari, wakaegemea uzio kumtazama; halafu Jitendra akasema kwa heshima kwamba kwao walifanya hivyo hivyo, na Gurdial akasema kwao ndiko ilikoanzia.

Aliporudi shambani majani ya miti yalikuwa yameshaota. Alitembea kwa fimbo, bila kushika ukuta, amevaa koti jipya la mvua ambalo Madhu alimnunulia. Ilikuwa jioni, saa ya kukama. Njoroge alikuwa bandani, amekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa. Koti la buluu lilikuwa limechanika kwapani na shali imebadilika rangi. Sari alikuwa ameacha kuivaa zamani, alisema baadaye, maana haikuhitajika tena. Aliimba kwa pua. Maziwa yalikuwa yakigonga ndoo kwa mikondo miwili, mmoja baada ya mwingine.

Bhanu alisimama mlangoni. Olive aliinua kichwa na kuacha kutafuna. Alinusa upande wake, pua imepanuka, akapuliza. Masikio yalielekea mbele. Bhanu alitamka jina lake kwa sauti ya chini. Mikondo miwili ikawa mmoja, mmoja ukawa matone, na ndoo ikanyamaza.

Njoroge aligeuka. Alimwona, akatabasamu kwa uso wote, akataka kusimama, akakumbuka hawezi. Alitazama chuchu mikononi mwake, akamtazama tena bibi yule aliyesimama na fimbo, na tabasamu likapungua.

"Karibu, Mama Madhu. Umepona kabisa." Alisita. "Samahani sana. Si unajua vile ako."

"Najua."

"Ni hilo koti mpya. Na hospitali. Atakukumbuka tu, pole pole."

"Endelea na kazi, mwanangu. Usimwache nusu, ataumwa."

Alirudi nyuma hatua kwa hatua, taratibu, kama alivyofundishwa kuondoka mbele ya nyati wa watu. Alizunguka nyuma ya stoo, upande usio na upepo, akaegemeza fimbo kwenye mabati na kusimama. Jioni ile ndege zilikuwa zikitua kwa njia nyingine, hivyo palikuwa kimya. Alimsikia Njoroge akianza wimbo upya. Ulimchukua muda. Kisha maziwa yalishuka, membamba mwanzoni, halafu kwa nguvu, na Bhanu akayasikiliza mpaka ndoo ilipojaa.